Aliyemwiba Mtoto Horini

Mtoto Yesu aliibwa kwa mara ya pili siku ya Alhamisi, kati ya sala ya asubuhi na mazoezi ya kwaya.

Mama Célestine aliinama mbele ya pango, akapekua nyasi kavu za horini kama mtu aliyedondosha hereni. Hola. Maria yupo, Yosefu yupo, ng'ombe yupo, punda yupo na sikio lake moja. Mtoto hayupo.

"Safari hii nitamukamata," alimwambia Murielle, msusi wake na katibu wa kamati yake. "Lakini usiambie mutu. Mwizi akisikia, atakimbia."

Kamati ilikuwa yake, mali yake halali. Kwa miaka tisa, tangu atoke Bukavu aje Johannesburg, Mama Célestine alikanyaga parokiani siku moja tu kwa mwaka, sikukuu yenyewe, tena kwa kuchelewa, ili kitenge kipya kionekane vizuri kikipita katikati ya watu. Mwaka huu alipoona maduka ya Joubert Park yamejaa vizee vya ndevu nyeupe tangu Oktoba, moyo ulimuuma kwelikweli. Watu wamesahau! Akaunda kamati, akashona bango la mita nne, akalitundika ndani ya kanisa: TUIRUDISHE NOELI KWA MWENYEWE.

Sasa Mwenyewe kaibwa.

Wa kumshuku alikuwa mmoja tu. Ameir, mzee wa Unguja, alikuwa amefagia kanisa lile chini ya mapadri wanne, na pango hulipanga yeye kila mwaka kwa mikono yake. Ufunguo anao yeye. Na tena ni Mwislamu. Mama Célestine alimweleza Murielle kwamba hilo la mwisho halina uzito wowote, na alilieleza mara nne.

Jumanne, alipokuta hori tupu kwa mara ya kwanza, alikuwa amemwendea mzee kwa mbali, kiujanja.

"Papa Ameir, mu pango hamukosi kitu?"

"Hamkosekani kitu, mama. Kila kitu kipo pahala pake."

Uongo mkavu, bila hata kupepesa macho! Mamajusi wenyewe alikuwa amewaacha kule mlangoni, karibu na chombo cha maji ya baraka, na alipoulizwa sababu alijibu eti bado wako njiani. Mama Célestine aliujua uvivu akiuona.

Padri alikuwa mafungoni Durban hadi Jumapili, kwa hiyo mzigo wote ukamwangukia yeye. Jumatano alikwenda Fordsburg, kwenye duka la Fauzia, akanunua mdoli wa plastiki mwenye macho ya buluu, anayecheka ukimbonyeza tumbo. Akamlaza horini. Alhamisi mdoli hakuwepo. Ijumaa akarudi dukani kununua mwingine.

"Mama, yule wa juzi kaharibika?" aliuliza Fauzia.

"Aliibiwa."

"Subhanallah! Mtu unaibaje mtoto?"

Hata Waislamu wenzake Ameir wanashangaa, aliwaza Mama Célestine, akapanda teksi na mdoli wake kifuani.

Jioni alikaa akaandika barua kwa baraza la parokia. Mfagizi afukuzwe, na chumba cha uani anacholala akirudishe. Alijua kibali cha Ameir kinaisha Januari, na bila barua ya mwajiri hakuna kibali kipya. Yeye mwenyewe aliwahi kusimama foleni ya makaratasi hayo mpaka miguu ikavimba. Moyo ulimlegea, akamwonea mzee huruma hasa. Kisha akaikemea huruma hiyo kama pepo, akafunga bahasha.

Jumamosi mchana, kwaya ikiwa ukumbini, wanawake wawili walijibanza ndani ya kitubio. Mama Célestine alikaa upande wa padri. Murielle akapiga magoti upande wa wenye dhambi, maana ndiyo nafasi iliyobaki. Mle ndani kulikuwa na joto la kuivisha ndizi.

Ameir aliingia na ufagio wake. Alifagia polepole, kama siku zote. Aliwachukua Mamajusi mmoja mmoja, akawasogeza mbele kwa benchi moja, akawapanga wakitazama pango. Halafu akafika kwenye hori, akatikisa kichwa, akaingiza mikono yote miwili na kumnyanyua Mtoto.

Mtoto akacheka.

"Mwiziii!"

Mama Célestine alichomoka kitubioni, kilemba kimekwenda upande. Kwaya nzima ikaja mbio kutoka ukumbini, na wapita njia wawili watatu nyuma yao.

"Bote mumeona na macho yenu!" alipaza sauti, jasho likimtiririka, furaha imemjaa mpaka kooni. "Juma muzima anaiba Yesu! Siye tunahangaika kurudisha maana ya Noeli, yeye anaiba!" Akaitoa bahasha, akaiinua juu watu waione. "Kesho Padri atasoma hii. Sasa sema mbele ya bote, Papa Ameir. Sababu gani unatoa Mutoto mu hori?"

Mzee aliitazama ile bahasha, akalitazama bango, akamtazama Mama Célestine. Alimshika mdoli vizuri asije akaanguka.

"Nikidhani watoto wa mafundisho ndio wanaosahau midoli yao humu, mama. Yule wa juzi nimemweka kabatini, pamoja na Mtoto wetu wa pango." Akashusha sauti, asimwaibishe mtu mzima mbele za watu. "Kwani leo si tarehe kumi na tatu Desemba? Bado hajazaliwa."