Makazi ya Wasio na Mtu

Khamisi alificha simu na kitambulisho chake chini ya godoro, akavaa shati lililochanika begani, akachukua fimbo yake na kutoka uani kumwita mama yake.

Bi Swaumu alikuwa ameshavaa baibui lake la Idi.

"Mama, nilikwambia uvae kanga za shamba."

"Naenda kupimwa macho na madaktari wa serikali, baba. Siendi kupalilia."

Khamisi hakubishana. Kupitia mlango ulioachwa wazi alimwona mkewe, Shamimu, akiingiza cherehani kwenye chumba cha Bi Swaumu. Kitanda kilikuwa hakijapoa hata joto. Bi Swaumu naye aliona. Akakaza ushungi wake, akatangulia barabarani.

Nyumba ilikuwa ya Bi Swaumu. Aliijenga hapo mtaani Kikuyu kwa kuuza karanga, baada ya kuhama Kondoa na Khamisi mgongoni. Alimzaa angali mwali, yeye mwenyewe hajamaliza kurefuka. Lakini sasa Shamimu alikuwa amesema neno lake la mwisho: mama atoke leo, au atatoka yeye. Na Khamisi, kwa sukari iliyomkausha mwili na mguu uliokufa ganzi, aliogopa kubaki bila mke kuliko alivyoogopa kitu kingine chochote.

Walipanda bajaji.

"Babu, mkalishe bibi vizuri," dereva alisema. "Ndoa za zamani hizo. Zetu siku hizi hata mvua mbili hazioni."

"Huyu ni mama yangu!"

Dereva alicheka mpaka bajaji ikayumba. "Babu una maneno wewe!"

Bi Swaumu naye alicheka. Khamisi hakucheka.

Walipopita Zuzu, Khamisi aliomba washushwe kabla ya kufika geti la makazi ya wazee. Upepo ulikuwa unasukuma vumbi jekundu kwenye vichaka vya miiba. Bajaji ilipogeuza na kuondoka, Khamisi alimshika mama yake mkono.

"Mama, nisikilize. Humu wanapokelewa wazee wasio na mtu. Wakijua una mtoto watakurudisha, hata macho hawatakuangalia. Kwa hiyo mimi sikujui. Nimekuokota stesheni. Hata simu na kitambulisho nimeviacha nyumbani."

"Umeniokota."

"Kwa leo tu, mama."

"Na kesho?"

"Kesho nakuja kukuchukua."

Bi Swaumu alimtazama usoni jinsi alivyokuwa akimtazama zamani alipokuwa na homa. Alimfuta vumbi kwenye nyusi kwa ncha ya ushungi.

"Sawa, baba," akasema. "Twende."

Ofisini walimkuta Elieth, afisa ustawi wa jamii, binti mwenye sauti ya upole. Alisimama kuwapokea.

"Shikamooni."

"Marahaba," waliitikia pamoja, wakaketi.

Khamisi alianza bila kungoja kuulizwa. Alisema yeye ni mpita njia tu. Alisema bibi huyu amemkuta stesheni ya Zuzu, amekaa peke yake tangu asubuhi, hana ndugu wala jamaa. "Mimi mwenyewe simjui, dada yangu. Wallahi simjui. Huruma tu ndiyo imenileta."

Maneno yalitoka kirahisi kuliko alivyotegemea.

Elieth alimgeukia Bi Swaumu. "Ni kweli, bibi? Wewe na babu hamjuani?"

Khamisi alikaza vidole kwenye fimbo.

"Kweli kabisa, mjukuu wangu," Bi Swaumu alijibu. "Nilidhani namjua, lakini simjui."

Khamisi akashusha pumzi.

"Ila mengine ameyageuza, maskini. Mimi ndiye niliyemkuta." Bi Swaumu alifungua fundo la leso yake, akatoa kitambulisho na kukiweka mezani. "Mimi nina kwangu, Kikuyu. Mwenyekiti wa mtaa ananifahamu, mpigie. Huyu hana simu, hana kitu, na kwao hapakumbuki. Nimeona nisimwache juani. Kuna wakati ananiita mama. Akianza, usimshangae."

"Mama!" Khamisi aliruka kutoka kwenye kiti. "Mama, unafanya nini?"

"Umesikia," Bi Swaumu alimwambia Elieth taratibu.

Elieth aliangalia shati lililochanika, mvi, fimbo, na mguu uliovimba ndani ya kandambili. Kisha akaliangalia baibui safi la Idi.

"Dada, usimsikilize! Huyu ni mama yangu mzazi. Nilidanganya. Mke wangu ndiye aliyenishinikiza, nyumba ni ya..."

"Babu, si umeapa sasa hivi kwamba humjui?"

"Nimeapa, lakini..."

"Basi nionyeshe chochote chenye jina lako. Au nipe namba ya mtu wa nyumbani nimpigie."

Khamisi alipapasa mifuko ya suruali, kisha ya shati, kisha ya suruali tena. Namba za watu wote aliowajua zilikuwa ndani ya simu. Hakuwa na moja kichwani.

"Mama, niambie unataka nini. Tutarudi nyumbani, wallahi tutarudi wote."

Elieth alisita. Alikuwa amewaona wazee wengi katika ofisi hiyo, na katika kilio cha huyu kulikuwa na kitu kilichomzuia kuita mhudumu. Alimtazama Bi Swaumu, akingoja.

Bi Swaumu alisimama. Machozi yalikuwa yanamtiririka, naye hakuyafuta. Alimwendea Khamisi mpaka akafika mbele yake, akainamisha kichwa na kukunja magoti kidogo, kama msichana mbele ya mkubwa wake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba," Khamisi aliitikia, kabla hajajua mdomo wake umefanya nini.