Mtu Asiyemezwa

Mlangoni pa ukumbi wa harusi yangu, Baba alikuwa akiikunja na kuikunjua karatasi ya hotuba yake.

"Andika neno mtu kiganjani mara tatu, umeze," nikamtania. "Si ndiyo dawa ya woga uliyonifundisha nilipoanza shule?"

Akaitia karatasi mfukoni mwa koti. Akachora kiganjani kwa kidole ile herufi ya Kijapani yenye maana ya mtu, mistari miwili inayoegemeana, akaipeleka mdomoni, akameza. Akarudia. Ya tatu aliiandika taratibu, kisha akafumba ngumi.

"Meza basi, Baba, wageni wanatungoja!"

"Huyu ni marehemu mama yako, Chinatsu. Simmezi."

Tukaingia. Baba alishika maikrofoni kwa mkono mmoja, ule mwingine bado ameufumba. Karatasi ilibaki mfukoni.