Kesi ya Mtoro Kambini

"Ulimsikia Sufiani akikuita, au hukumsikia?"

Sajini Saadi aliuliza akiwa amesimama mbele ya Mtoro, karibu wagusane pua. Mtoro alimkodolea macho mdomoni bila kupepesa. Waliokaa majamvini wakaguna. Hata siku ya maziko, jeuri ile ile!

"Nilimsikia," akasema Mtoro, kwa sauti kubwa kama kawaida yake.

Hakuna aliyetegemea kwamba angekiri upesi hivyo.

Sufiani alizikwa asubuhi ile. Siku iliyotangulia, yeye na Mtoro waliingia mikokoni, ng'ambo ya mto, mkabala na kijiji cha Mbwera, kukata boriti. Mti ukamwangukia Sufiani, ukambana mguu kwenye tope, na maji yalikuwa yanajaa. Aliita. Aliita mpaka maji yakamfika kinywani. Mtoro alikuwa hatua chache tu kutoka pale, amempa mgongo, anakata miti.

"Sisi tulikuwa huku ufukweni tunavua uduvi, tukamsikia," Bi Kijakazi alisimulia, amekaa pembeni na wanawake wenzake. "Mto wote ule katikati, tukamsikia! Anaita, 'Mtoro, nakufa!' Mtumbwi hatuna. Na huyu hapa wala hakugeuza shingo."

Mtoro hakumtazama hata kidogo. Wanawake wakasonya kwa pamoja.

Saadi, Mtoro, Sufiani na wenzao, watu wa Mbwera waliwaita wahuni wa rege. Wenyewe walijiita Kambi. Wote walipigana vita vya Kagera, na waliporudi, heshima waliyoahidiwa wakaitafuta wasiione. Basi wakafuga nywele zikasokotana, wakaacha kusimulia habari za risasi, wakawa wanasikiliza rege. Siku hizi za ruksa, bidhaa zilipojaa madukani, walichangishana wakapata redio kaseti ya Kijapani yenye spika mbili kubwa. Kila Ijumaa alasiri walikusanyika uani kwa Saadi, mkubwa wao, na kaseti ikilia, mtu haruhusiwi kufungua mdomo. Wazazi waliwakataza watoto wao hata kupita karibu na ua ule. Mambo ya ajabu: waliokwenda kufa kwa ajili ya watu hao ndio waliogeuka ukoma.

Katika wote, Mtoro ndiye aliyechukiwa zaidi. Vitani alikuwa katika kikosi cha mizinga, na tangu arudi kiburi chake kiliongezeka mwaka hadi mwaka. Ukimpa salamu kwa nyuma, anakwenda zake kama vile umesalimia ukuta. Na huku kwetu mtu asiyeitikia salamu ana nini tena? Mkewe alichoka kusema peke yake, akarudi kwao Ngorongo. Msikitini watu walimwachia nafasi kubwa kuliko ya imamu.

Kambi tu ndiyo ilimvumilia, kwa sababu hakuna aliyeipenda rege kama yeye. Alikaa ameegemea spika, kifua wazi, macho ameyafumba, na kila mara alitaka besi ifunguliwe mpaka mwisho. Majuzi spika moja ikapasuka. Sufiani alimfokea mbele ya wote, akamwambia yeye na punda hawana tofauti. Kwa hiyo sasa kila mtu aliijua sababu ya kifo kile, au alijiona anaijua.

"Kama ulimsikia," Saadi aliendelea, na sauti ikaanza kumkatika, "kwa nini hukwenda?"

Machozi yalimtoka Mtoro, hakuyafuta.

"Ndugu yangu, mimi na wewe tumelala handaki moja. Boti ya polisi wa Kibiti inakuja. Watakunyonga, unaelewa? Sema ulikuwa mbali. Sema upepo ulikuwa mkali. Sema lolote nikutetee."

"Nilimsikia," akarudia Mtoro. "Ila msinitoe Kambini, Saadi. Naomba. Msinitoe."

Watu wakatazamana. Mtu anakwenda kunyongwa, na anacholilia ni kiti cha kusikilizia rege! Mwantumu, dada wa marehemu Sufiani, aliuma upindo wa khanga yake.

Saadi akajikaza, akatoa hukumu kwa sauti ya gwaride. Mtoro si mwana Kambi tena, na boti ikifika atakabidhiwa kwa polisi.

Mtoro akaomba kitu kimoja tu: akae na spika nzima iliyobaki, kwa mara ya mwisho. Wengine walikataa. Saadi, ambaye bado alimpenda na aliona aibu kumpenda, akaweka kaseti. Kwa heshima ya matanga aliifungua kwa sauti ya chini kabisa, hata wale wa jamvi la mbali hawakuupata wimbo.

Mtoro akapiga magoti, akaikumbatia spika, akalaza shavu juu yake na kufumba macho.

Hapo Mwantumu akashindwa kuvumilia. Aliinuka, akachukua shoka lililoegemezwa ukutani, akamwendea kwa nyuma.

"Mtoro!" Saadi alipiga ukelele kutoka upande wa pili wa ua, akijikwaa kwenye miguu ya watu. "Geuka! Mtoro, geuka!"

Bi Kijakazi akapiga yowe. Wanaume wakasimama. Ua mzima ukamwita jina lake, sauti moja, na pengine ilisikika mpaka ng'ambo.

Shoka lilikuwa tayari limekwisha kwenda juu. Likabaki huko. Mwantumu aliutazama mgongo ule, akautazama kwa muda. Kisha akainama mpaka mdomo wake ukakaribia sikio la Mtoro.

"Mtoro," akaita kwa nguvu zake zote, kama alivyoita kaka yake, "nakufa!"

Mtoro alikuwa anatabasamu, macho ameyafumba, akitikisa kichwa taratibu kila besi ilipopiga.