Funga Mlango Nyuma Yako

Kitasa kilibaki mkononi mwa papa Kalenga, na mlango ukabaki umefungwa.

Alikitazama kama mtu aliyepewa mfupa badala ya nyama. Kisha taa ya koridoni, ambayo hujizima yenyewe, ikajizima, na chumba cha makaa, chini ya nyumba, kikawa giza tupu.

Kosa lilikuwa lake. Kila mpangaji wa nyumba ile kuukuu ya Saint-Gilles, mjini Brussels, alijua kwamba kitasa cha ndani ni kibovu. Ndiyo maana liliwekwa tofali la kuuzuia mlango usijifunge. Lakini Kalenga alizeeka katika mgodi wa makaa ya mawe wa Luena, kule Katanga, na mgodini mlango hauachwi wazi. Ukipita unafunga, la sivyo hewa inapotea njia na wenzako wanakufa huko mbele. Hata ugenini alifunga milango isiyomhusu. Mchana huu huu, akipita koridoni, alikuta stoo ya pili, ya baiskeli na vyakula vya wapangaji, iko wazi na giza, akamlaani kimoyomoyo Lucien wa ghorofa ya juu na baiskeli yake, akausukuma mlango na kutia komeo. Akaingia kwenye chumba cha makaa, akalisogeza tofali kwa mguu, akafunga. Mazoea yana taabu.

Aliita. Kuta zilikuwa nene, na tundu la barabarani, ambalo zamani makaa yalimwagiwa humo kutoka kwenye mikokoteni, lilikwisha kuzibwa kwa saruji. Simu ilikuwa juu, mezani.

Bado hakuogopa. Alikaa juu ya gunia, akaokota kipande cha antrasiti, makaa ya mawe yasiyotoa moshi, na kukipapasa. Makaa ya Luena yalichafua vidole na kutoa moshi wa kuliza mtaa mzima. Haya yalikuwa magumu, laini kama kioo, hayaachi doa. Ndiyo yaliyopasha joto nyumba hizi za Brussels enzi Wabelgiji walipoyachimba wenyewe. Siku hizi migodi yao imefungwa na gunia linatoka ng'ambo. Bei ya gesi ilipopanda, Kalenga ndiye aliyelifufua jiko la chuma la sebuleni, akajisifu kwa mkewe kwamba amemletea moto usio na moshi.

Usio na moshi. Hapo ndipo jasho lilipomtoka.

Kabla ya kuzoa majivu alikuwa amekifunga kilango cha bomba linalotoa nje hewa chafu ya jiko, akikusudia kukifungua mara moja. Badala yake alitoka na ndoo mpaka barabarani, akakutana na Nday, mtu wa kwao Likasi, na habari za nyumbani hazina mwisho. Aliporudi alishuka moja kwa moja kuchukua makaa. Na maman Sidonie, mkewe, alikuwa amemwacha akisinzia kitini, mbele ya jiko lile, madirisha yote yamezibwa kwa ajili ya baridi.

Moshi humwamsha mtu. Sumu ya antrasiti haionekani wala hainuki. Aliyelala inamlaza zaidi.

Aliupiga mlango kwa bega mpaka bega likakataa. Aliliita jina la mkewe mpaka sauti ikakauka. Alimpenda yule mwanamke, na siku nyingi alikuwa amemwonyesha ukali tu.

Kisha akakumbuka bomba la maji lililopita ukutani. Akachukua sepetu, akagonga mara tatu, kama wanavyogonga wachimbaji waliofukiwa na kifusi. Masikio yake yalikwisha kuharibiwa na baruti, kwa hiyo aliweka kiganja juu ya chuma na kungoja.

Chuma kikatetemeka. Mara tatu.

Alilia. Mtu amesikia. Na sheria ya mgodini, ambayo aliwahubiria watu wa nyumbani kwake mpaka wakachoka naye, ni moja: ukijibiwa, nyamaza, kaa chini, tunza pumzi, wanakuja. Akakaa. Akanyamaza.

Hakuna aliyekuja.

Mwanzoni alimwombea baraka huyo aliyejibu. Baadaye akaanza kumtukana. Ni mtu wa namna gani anayejibu mwito wa mwenzake, kisha anakaa kitako? Na huko juu kila pumzi ya Sidonie ilikuwa ikipungua, naye mumewe amekaa juu ya gunia akifuata sheria.

Mwishowe mstari wa nuru ulitokea chini ya mlango. Kalenga akaubamiza kwa sepetu. Aliyeufungua alikuwa Lucien, kofia ya baiskeli kichwani, ametoka kazini hospitalini kule Jette.

"Tonton, unafanya nini humu?"

"Ni weye ulinijibu?"

"Kujibu nini? Miye nafika saa hii tu."

Kalenga hakungoja. Alipanda ngazi akijivuta kwa mikono na miguu. Sebuleni hewa ilikuwa nzito, makaa yakiungua polepole, kimya, na kabla hajafika dirishani kichwa kilikuwa kimeanza kumwanga. Alivunja kioo kwa kiwiko, akafungua kilango cha bomba, akajilazimisha kugeuka atazame kiti.

Blanketi lilikuwa sakafuni. Kitini hapakuwa na mtu.

Alimtafuta chumbani, jikoni, bafuni. Aliporudi sebuleni, Lucien alikuwa mlangoni, anahema, amemshika mkono mtu aliyejaa unga wa muhogo mpaka kwenye nyusi.

"Tonton, nani alitia komeo kule tunawekaka velo? Maman alikuwa ndani."

"Nilishuka kutafuta bunga," maman Sidonie akasema, akijipangusa uso. "Nikasikia unagonga, nikakujibu. Kiisha nikanyamaza, nikangoya, vile unatufundishaka."