Jina la Saba

Akina mama wa kanisa walikuwa wakiuza keki na mikate ukumbini, ili familia zenye shida nazo zipate sikukuu. Fundi cherehani alipewa orodha ya familia hizo aisome kwa sauti.

Jina la saba lilikuwa lake. Mbele yake paliandikwa: "Mjane, watoto wawili."

Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, na ile "j" yake yenye mkia mrefu. Lakini jana aliandika familia sita tu, na mumewe alikuwa pale mlangoni, mzima, akizungusha funguo za gari kidoleni.

"Mama watoto, napeleka mikate ya wagonjwa."

Akamnyang'anya funguo. "Leo huendi kokote."

"Makubwa! Na hao wagonjwa wale nini?"

"Nitapeleka mimi," alisema mwalimu wa kwaya, akicheka. "Shemeji leo hataki kukuachia." Mke wa mwalimu alikuwa meza ya pili akifunga keki, mtoto mgongoni.

Fundi alikitazama kiganja cha mwalimu kilichonyooshwa mbele yake. Unga ulikuwa umejaa kwenye mistari yake. Akamtazama yule mtoto mgongoni, kisha mumewe.

Akaziweka funguo juu ya kile kiganja.