Mamba Aomba Ubatizo

Mamba alipogombea ukuu wa bonde, alivaa kanzu nyeupe akawaita swala mtoni. "Nimeokoka! Nataka ubatizo wa maji mengi, na nyote mwingie mnishike mkono."

Swala wakapiga vigelegele, kwato zikaanza kulowa.

"Bwana asifiwe, Mheshimiwa!" akaita Kwale, mzee wa kanisa lao, kutoka kilimani. "Sisi tunabatiza kwa kikombe. Panda uje, maji yako tayari."

Mamba akafoka, "Kikombe kitanitosha wapi?"

"Roho yako kitaitosha. Tumbo lako ndilo halitatosheka."

Swala wakaruka nje ya maji, wakapanda kilima wakiimba pambio. Siku ya kura walimchagua Kwale kwa shangwe, na Mamba alikuwa bado mtoni, ameloa chapachapa, hajabatizwa.