Rizista Ambayo Profesa Hakuinakili

Profesa alipofungua kifuniko cha inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, mbele ya wageni kutoka Abuja, mwanafunzi wake Ebiere aliona kuwa rizista yake haipo.

Mchoro wa inveta ulikuwa wa Ebiere. Mwaka jana Profesa aliutazama mara moja, akamwambia ni takataka, akamfelisha na kumrudisha darasa. Leo inveta ileile ilikuwa mezani, imeandikwa jina la Profesa, na maabara nzima inampigia makofi.

Ila mwizi hakuelewa alichoiba. Rizista ile, ndogo kama punje ya mchele, ilikuwa na kazi moja tu: kumaliza umeme unaobaki ndani ya kapasita, kikopo cheusi kinachohifadhi umeme, baada ya swichi kuzimwa. Bila hiyo, kikopo kile kingebaki kimeshiba volti mia nne, za kutosha kuua mtu.

Profesa akazima swichi. "Sasa hata mtoto anaweza kuishika," alisema, akikunja mikono ya kaftani.

Ebiere akasimama. "Samahani, Profesa. Umeme uliobaki kwenye kapasita umekwenda wapi?"

"Ha! Huyu ndiye yule niliyemrudisha darasa," Profesa akawaambia wageni, nao wakacheka. "Binti, kilichozimwa kimezimwa. Au unataka kunifundisha inveta yangu mwenyewe?"

Ebiere alivitazama vidole gumba viwili vya Profesa, vinene, vinavyong'aa kwa jasho, vikishuka kuelekea skrubu mbili za kapasita.

Neno moja lingetosha: usiguse.

"Hapana, Profesa," alisema. "Inveta ni yako."

Akaketi.